Uzi wa nyuzi sita: besi nimechonga mwenyewe, mikro gani itasikia nyuzi zote?

#1 Seremala_Katuba
Jambo yenu wote. Miye ni seremala wa vitanda na milango hapa Katuba, Lubumbashi; Jumapili napiga besi kanisani. Kwa miezi minne nimekuwa nikichonga chombo ambacho si besi kamili wala si gitaa. Mwili ni mbao ya mukula, kipande kilichobaki kwenye mlango wa mteja. Kutoka nati, pale nyuzi zinapoanzia kwenye shingo, mpaka daraja, pale zinapoishia kwenye mwili, ni sentimita 76. Nyuzi tatu nene nimezitoa kwenye pakiti ya besi: mi, la, re. Tatu nyembamba nimezitoa kwenye pakiti ya gitaa, zile tatu zilizosukiwa waya, nikazikaza mpaka zikawa sol, si, mi. Yaani ni gitaa lililoshuka oktava nzima. Kwenye daraja nyuzi zimeachana milimita 13, kwa hiyo kutoka ya kwanza mpaka ya sita ni 65.

Sasa shida. Nimefunga mikro (kile kifaa cha chini ya nyuzi kinachopeleka sauti kwenye ampli) ya gitaa ya koili mbili, niliyoitoa kwenye gitaa la binamu lililovunjika shingo. Nimeiweka sentimita 5 kutoka daraja. Nyuzi za katikati zinalia vizuri kabisa. Mi nene inasikika kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Mi nyembamba nayo iko mbali. Halafu iko mvumo usiokwisha: nikigusa nyuzi unapungua, nikiachia unarudi.

Nina dola 60. Ninunue mikro gani?

#2 Nyota_Ruashi
Kipande cha mlango wa mteja. Mteja anajua mlango wake una ndugu anayeimba?

#3 DadaJaki
Habari zenu, niko Dar. Huku kwetu mnayoita mikro tunaita pikapu. Kaka, nadhani jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye vipimo. Pikapu ya gitaa, ukipima vile vijiti vya chuma vilivyo chini ya nyuzi, kutoka cha kwanza hadi cha sita, ni kama milimita 50. Wewe una 65. Mi zako mbili zinapita nje ya vijiti, karibu milimita 7 kila upande. Na zinazokulalamikia ni hizo hizo mbili.

#4 Nyota_Ruashi
Dada, uliposema pikapu nilidhani unamshauri anunue Toyota abebee mbao.

#5 MzeeTransfo
Wanangu, kabla ya kununua mjue mnachonunua. Mikro ya gitaa haisikii sauti. Imba mbele yake, haitakujibu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba maelfu ya mara, basi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, unavuruga nguvu ya sumaku inayopita katikati ya koili, na koili inatoa umeme kidogo sana. Ndiyo maana uzi wa nailoni kwake ni kama haupo.

Mimi niko Likasi, nimebobina, yaani nimezungusha waya wa koili, mota za pampu na za vinu maisha yangu yote. Mikro ya koili moja, ile ya gitaa la Fender Stratocaster, ina mizunguko kama 8,000 ya waya wa milimita 0.063. Huo ni kama unywele. Mwaka 2009 nilibobina moja kwa cherehani ya mke wangu. Nilifunga kibobini kwenye gurudumu, nikaweka sumaku ndogo pembeni ili kikokotoo cha zamani kinihesabie mizunguko, waya nikautoa kwenye koili za rele (swichi za sumaku) mbovu za volti 220. Uliponikatikia mara ya tatu nilikuwa nimefika mzunguko wa 6,500, na mke wangu akasikia neno ambalo hakuwa amelisikia tangu harusi.

Ya nne ilifika. Nikaifunga, ikapiga larseni, ule mlio wa ampli kujisikia yenyewe, kama filimbi ya gari-moshi, kwa sababu waya ulikuwa unatikisika wenyewe ndani ya koili. Dawa yake ni nta: mshumaa ulioyeyushwa na nta ya nyuki kidogo, uitumbukize mikro mpaka vipovu viishe. Msichemshe. Nyuzijoto 65 zinatosha, zaidi ya hapo plastiki ya kibobini inajikunja kama jani la tumbaku.

Na liko linaloniuma. Shaba inachimbwa hapa, tunaiona kwenye malori ikielekea Kasumbalesa kila siku ya Mungu, lakini mimi kupata gramu 50 za waya mwembamba lazima nivunje rele.

#6 Nyota_Ruashi
Mababu walifua misalaba ya shaba wakaoa kwayo. Sisi tunavunja rele. Aksanti Mzee, hilo la nta sikulijua.

#7 Besi_Kamalondo
Naheshimu yote hayo ila mnamwuzia mikro mtu mwenye shida ya spika. Yaya Seremala, mi nene ya besi ni herzi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Unapigia ampli gani? Kama ni ampli ya gitaa yenye spika ya inchi 8, hiyo 41 haitaiona hata ikiitwa kwa jina. Unachosikia ni mwangwi wake wa juu tu, ule wa mara mbili na mara tatu, 82 na 123, ndiyo maana unasikia mlango wa jirani. Peleka chombo kwenye besi kubwa kabla ya kutoa dola.

Halafu koili mbili ndizo zinazofaa besi siku zote. Leo Fender, yule mtengeneza magitaa, alizibuni kwa ajili ya besi.

#8 Mwalimu_Kadutu
Salamu kutoka Bukavu. Besi_Kamalondo, sahihisho dogo. Mikro ya koili mbili inayofuta mvumo ilibuniwa na Seth Lover akiwa Gibson, 1955, na ilikuwa ya gitaa. Fender aliweka koili iliyogawanyika nusu mbili kwenye besi yake ya Precision mwaka 1957. Precision ya kwanza, ya 1951, ilikuwa na koili moja tu.

Kuhusu shida yenyewe, natazama mahali mikro ilipokaa. Sentimita 5 kutoka daraja kwenye uzi wa 76. Uzi ukitikisika kwa sauti yake ya msingi, unatanuka sana katikati na kidogo mno karibu na daraja. Nimepiga hesabu: hapo kwenye 5, mtikisiko wa msingi ni kama sehemu 0.2 ya ule wa katikati. Ukisogeza mikro mpaka sentimita 19, yaani robo ya uzi, unakuwa 0.7. Zaidi ya mara tatu! Unachokosa kwenye mi nene ni msingi wake. Hapo kwenye robo utapoteza mwangwi wa nne, wa nane na kuendelea hivyo, na sijaona mtu akiililia.

#9 DadaJaki
Mwalimu, hesabu siipingi. Lakini pikapu iko sentimita 5 kutoka daraja kwa nyuzi zote sita. Mbona za katikati zinalia vizuri?

#10 Mwalimu_Kadutu
Kwa sababu za katikati msingi wake uko juu zaidi na spika inauweza. Mi nene inapungukiwa na mikro, kisha inapungukiwa tena na spika.

#11 DadaJaki
Na mi nyembamba? Yenyewe ni herzi 165, spika yoyote inaiweza.

#12 Nyota_Ruashi
Mwalimu amekwenda kuchukua chaki.

#13 Seremala_Katuba
Aksanti bakubwa. Ampli ni ya gitaa kweli, spika inchi 8. Jana jioni nikabeba chombo kanisani nikaunganisha kwenye spika kubwa. Mi nene imepata kifua kidogo, lakini bado iko chini sana ukilinganisha na la na re. Mi nyembamba haijabadilika. Mvumo kwenye spika kubwa ndio mnene zaidi, dikoni akauliza kama iko jenereta imewashwa.

Tena nimesahau kusema: zile nyuzi tatu za gitaa zina rangi ya dhahabu.

#14 KolweziMiSolo
Simama hapo hapo. Rangi ya dhahabu ni nyuzi za gitaa kavu, zimesukiwa bronzi. Bronzi haishikwi na sumaku. Mikro inasikia kiini cha chuma tu kilichojificha ndani, nacho ni chembamba. Nunua za gitaa la umeme, zenye nikeli. Kwa dola saba umemaliza nusu ya matatizo.

#15 DadaJaki
Hilo linaeleza mi nyembamba lakini sol na si nazo ni za bronzi, na amesema za katikati zinalia.

#16 KolweziMiSolo
Zinalia kwa sababu ziko juu ya vijiti! Mi iko nje ya vijiti NA ni bronzi. Dada, tunakubaliana, wewe hutaki tu.

#17 MzeeTransfo
Mimi nautazama mvumo, nyie mmeusahau. Koili mbili zinatakiwa kufuta mvumo. Moja inazungushwa kwa kulia na nyingine kwa kushoto, sumaku zake zimegeuziana; mvumo unaingia kote kwa namna moja na kujifuta, sauti ya uzi inabaki. Sasa mikro ya koili mbili inayovuma hivi inanitia shaka. Mwanangu, nyaya zinazotoka kwenye mikro ni ngapi? Na una kipima umeme?

#18 Seremala_Katuba
Mzee wangu, ziko nne na moja tupu isiyo na ganda. Nilifunga nyekundu kwenye jaki, lile tundu la waya wa ampli, na nyeusi pamoja na ile tupu kwenye chuma. Nyeupe na kijani nikazikunja pembeni, nilidhani ni za akiba. Nimepima kwenye jaki: omu 4,100.

#19 MzeeTransfo
Za akiba! Umewasha koili moja tu, ya pili inakula bure. Mikro kama hiyo huwa karibu omu 8,000 ikiwa nzima. Mara nyingi mwisho wa koili moja hufungwa na mwanzo wa ya pili, zigusane zenyewe tu, zisiguse kitu kingine, na ncha iliyobaki ya koili ya pili huenda kwenye chuma. Lakini viwanda havikubaliani rangi, kwa hiyo pima kwanza jozi ipi ni koili ipi, ndipo ulehemu.

#20 Besi_Kamalondo
Nami niseme moja kuhusu kugusa nyuzi na mvumo kupungua. Kama jengo halina waya wa ardhini, na majengo mengi ninayopiga hayana, hizo nyuzi zimeungana na chuma cha ampli. Nilikuwa napiga kwenye harusi moja, ampli yangu kwenye tundu moja, mikrofoni ya kuimbia kwenye tundu la upande wa pili. Nikasogeza mdomo niitikie kiitikio. Midomo iliniwaka, meno yakagongana, na mkono wa kushoto ulibaki umeshika uzi wa la bila mimi kuuamuru. Tangu siku hiyo nabeba kipima umeme cha bisibisi kwenye mfuko wa shati kama kalamu.

#21 DadaJaki
Pole sana kaka. Msiache kulifuata hilo, jamani. Sifongo juu ya mikrofoni inasaidia kidogo, na kuunganisha vyote kwenye tundu moja kunapunguza hatari, ila dawa yenyewe ni waya wa ardhini.

#22 Nyota_Ruashi
Mimi na mvumo tumeshazoeana. Mpiga solo wetu anatafuta sauti kwa mvumo wa ampli, anasema uko karibu na sol.

#23 Mwalimu_Kadutu
Hakudanganyi. Umeme wetu ni herzi 50, na sol ya chini ya besi ni 49. Mpiga solo wako yuko juu kidogo.

#24 KolweziMiSolo
Wakati mnalehemu, nitoe kesi yangu. Nilikuwa na gitaa la nyuzi za breki za baiskeli. Usicheke. Badala ya mikro nilibandika chini ya daraja kile kisahani cha shaba kilichomo ndani ya kengele ya saa, cha piezo. Hicho hakijali sumaku wala nafasi ya vijiti. Nyuzi zote sita zilisikika sawa, bronzi, breki, hata nailoni. Ubaya wake kinasikia kila kitu: kifungo cha mkanda, kucha, mtoto akiburuta kiti. Na ukikiunganisha moja kwa moja kwenye mikseri, besi inakufa. Lazima uweke katikati kisaketi kidogo cha transista na betri ya volti 9. Mtu wa nyuzi mchanganyiko kama wewe ningemshauri hicho. Gharama ni chini ya dola tano.

#25 Besi_Kamalondo
Piezo kwa besi ya seben, ile sehemu ya wimbo ya kucheza? Utasikika kama mvua kwenye bati.

#26 KolweziMiSolo
Karindula, ile banjo kubwa ya kwetu, inasikika kama pipa na ngozi ya mbuzi na watu wa Katuba wanacheza mpaka asubuhi. Na Konono N°1 wa Kinshasa walijitengenezea mikro za likembe (kinanda kidogo cha vidole gumba) kwa sumaku za vyuma vya magari, sauti ikaharibika vizuri, Ulaya nzima ikainunua. Nani kakuambia besi lazima iwe safi?

#27 Seremala_Katuba
Nimerudi. Mzee, Mungu akubariki. Nimepima, nikafunga nyeusi na nyeupe pamoja, kijani nikaipeleka kwenye chuma, kipimo kimekwenda 8,200, mvumo umeshuka mpaka nikadhani umeme umekatika. Mi nene bado.

Halafu nikajaribu la Mwalimu bila kuchonga mbao. Nikachukua mikro nyingine niliyoazima, nikaigeuza uso chini, nikaifunga chini ya rula ya mbao, rula nikaiegesha juu ya vipande viwili vya plaiwudi ili mikro ining'inie juu ya nyuzi bila kuzigusa. Mke wangu akaishika, nami nikapiga. Kwenye 5: hodi ya jirani. Akaisogeza polepole kuelekea shingo, nikawa nasikia mi nene inanenepa kila kidole. Kwenye 19 akasema mwenyewe "hapo", yeye si mpigaji. Lakini alipoiteleza kando, ili vijiti vije juu ya mi nene kabisa, ikaongezeka tena, na mi nyembamba ikafa kabisa.

Kwa hiyo Mwalimu ana haki na Dada ana haki. Bado sijui ninunue nini.

#28 Mwalimu_Kadutu
Aksanti kwa jaribio. Mpe mama salamu, sikio analo.

#29 DadaJaki
Basi tafuta pikapu ya gitaa la nyuzi saba, ya reli. Badala ya vijiti ina bapa moja la chuma toka mwanzo hadi mwisho, hakuna uzi unaoanguka katikati. Vijiti vya nyuzi saba vinachukua kama milimita 63, na kwenye sentimita 19 nyuzi zako zimeshaanza kukaribiana, hazifiki 65 tena. Itazifunika zote.

#30 Besi_Kamalondo
Mimi nakwenda kwingine. Je, kama unachukua mikro ya Precision, zile nusu mbili zinazopishana? Nusu moja kwenye besi ya kawaida inachukua nyuzi mbili zilizoachana karibu milimita 19, kila uzi na vijiti viwili. Wewe nyuzi tatu zinachukua 26. Zinaingia! Nusu ya kwanza chini ya mi, la, re; ya pili chini ya sol, si, mi. Unashusha nusu ya nyuzi nene, unapandisha ya nyuzi nyembamba, sauti zinalingana. Na nusu hizo mbili zinafutiana mvumo zenyewe.

#31 KolweziMiSolo
Hii imenigusa. Tena atoe jaki mbili! Nusu nene iende ampli ya besi, nusu nyembamba iende ya gitaa. Charlie Hunter, Mmarekani, anapiga hivyo, besi na gitaa kwenye chombo kimoja, kila upande na ampli yake. Na kabla yake hapa kwetu Mwenda wa Bayeke alishafanya kazi ya watu wawili kwa kidole gumba na cha shahada, kwenye gitaa kavu, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, akamrekodi Jadotville mwaka 1952. Hakuwa na mikro hata moja ndani ya gitaa.

#32 MzeeTransfo
Jadotville ni hapa kwetu Likasi, andikeni vizuri. Lakini mwanangu wa Kolwezi, ukizitenganisha kwa jaki mbili, kila nusu inabaki koili moja na mvumo unarudi. Zinafutiana zikiwa zimeungana tu. Huwezi kuoa na kubaki mseja.

#33 Nyota_Ruashi
Mzee!

#34 Mwalimu_Kadutu
Na kwenye hizo nusu, uzi wa katikati utapita kati ya vijiti. La na si zitakuwa hafifu kidogo. Mimi bado niko na reli ya Dada.

#35 Besi_Kamalondo
Kwenye Precision kila uzi unapita kati ya vijiti viwili, tangu 1957, na hakuna aliyelalamika.

#36 Mwalimu_Kadutu
Vijiti viwili vya jirani, vinavyoukumbatia. Hapa uzi utapita kati ya jozi mbili. Si jambo lile lile.

#37 KolweziMiSolo
Kwani Fender mwenyewe alifanyaje kwenye Bass VI yake? Ile ya nyuzi sita ya 1961 ina urefu huu huu wa sentimita 76, na mi mpaka mi hivi hivi.

#38 DadaJaki
Alibana nyuzi zikaribiane kama za gitaa, akaweka pikapu tatu za koili moja. Seremala wetu alitaka nafasi ya vidole. Na tukumbuke Danelectro walimtangulia, besi yao ya nyuzi sita ni ya 1956.

#39 Nyota_Ruashi
Swali la mjinga. Mukula mzito hivyo hausaidii sauti?

#40 MzeeTransfo
Hausikiwi na sumaku.

#41 KolweziMiSolo
Unasikiwa na uzi, na uzi unasikiwa na sumaku. Muulize aliyebadilisha daraja.

#42 Besi_Kamalondo
Tusianze la mbao, tutalala hapa. Yaya Seremala, ninayo mikro ya Precision kwenye droo, ilitolewa kwenye besi ya kanisa tulipobadilisha. Nusu moja nzima, nusu nyingine imekufa, kipima hakisomi kitu. Dola 15, ukija Kamalondo kuichukua.

#43 Seremala_Katuba
Nitakuja Jumamosi baada ya kazi. Mzee wangu wa Likasi, ile nusu iliyokufa unaweza kuibobina?

#44 MzeeTransfo
Naweza. Nusu moja ya Precision ni mizunguko kama 10,000, cherehani ipo, mwenye cherehani nitazungumza naye. Ila waya nilionao ni wa rele moja tu na sijui utafika. Kabla hujapanda gari, kagua pale waya mwembamba unapoungana na ule mnene kwenye kibati cha chini. Mara nyingi unakatika hapo hapo, kwa jasho na kutu, na koili yenyewe ni nzima. Tumia kioo cha kukuzia na mshumaa uwe mbali, ina nta.

#45 Besi_Kamalondo
Nimeitoa kwenye droo sasa hivi. Pale kwenye kibati iko kijani kibichi kabisa.

#46 MzeeTransfo
Usiikwangue! Mwache seremala ailete kama ilivyo.